Biashara na Misimu Yake
Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi wa Halmashauri tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya duka la chama kabla hamjapiga kura. Hesabu mmekwisha kusomewa na Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Tutakalo ni kueleza kwa nini twawaomba mwaka huu tusigawane faida, na kwa nini twaomba duka lisiongezwe hata rafu moja mpaka mkutano kama huu urudi. Twajua kuwa ombi hili ni chungu, hasa kwa wenzetu waliokwisha kuziwekea fedha hizo shabaha ya karo za watoto.

Wengi wetu hapa ni watu wa Mombasa na Lamu, na waliobaki wamekaa pwani muda wa kutosha kuyajua majahazi. Kwa hiyo tutaanza na biashara iliyoendeshwa pwani hii kwa karne nyingi kabla ya duka letu.

Upepo wa kaskazi huvuma yapata Desemba hata Machi, na zamani ndio uliovileta vyombo vya Arabuni na Ghuba vikiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi huanza Aprili, nao ndio uliovirudisha kwao na boriti za Lamu, samli na nafaka. Walakini kati ya Mei na Agosti kusi hukaza, mawimbi huwa makubwa, na wazee walisema bahari imefungwa. Nahodha aliyekawia bandarini akingojea mzigo wa mwisho, mpaka siku njema za kuondoka zikampita, alikuwa na mambo mawili mbele yake: ama kutoka katika bahari mbaya, ama kukaa mpaka Demani akiwalisha mabaharia wasio na kazi. Kwa sababu hiyo nahodha mwenye akili aliweza kung'oa nanga hali chombo hakijajaa. Mtu wa dukani akiona nafasi tupu huona hasara. Yeye aliihesabu kuwa ni sehemu ya nauli ya kufika kwao.

Sisi hatukufanya hivyo. Mwaka juzi duka letu liliuza vizuri tangu mwezi wa Ramadhani hata baada ya sikukuu, nasi, bila kujiuliza sababu, tukafungua la pili. Tulichukua mauzo ya miezi miwili tukayadhania kuwa ya mwaka. Bidhaa tukazichukua kwa mkopo kwa mwenye ghala mmoja. Karani wetu hodari tukamhamishia duka jipya, na la zamani tukamwachia kijana ambaye hakuna aliyemfundisha kuandika daftari la madeni. Paa la stoo lilivuja muda wote wa masika, mchele ukaota ukungu, wala hakuna aliyepata nafasi ya kupanda juu kulitazama. Duka la pili lilifungwa baada ya miezi kumi na moja. Kosa si la karani wala la kijana, ni letu.

Liko jambo ambalo halionekani katika hesabu mlizosomewa. Kanuni ya chama yasema kuwa msaada wa mazishi utatolewa katika siku mbili. Mjane wa mwenzetu alingoja majuma matatu, kwa kuwa fedha zetu zote zilikuwa zimelala katika magunia. Chama hiki hakikuundwa kwa ajili ya duka. Duka liliundwa ili mjane yule asingoje.

Sasa neno la mapumziko. Wako wanaodhani kuwa twataka kufunga milango tukalale. Tazameni jahazi linapopandishwa pwani. Hungojewa maji ya bamvua, likavutwa juu, likaegemezwa magadi huku na huku. Ndipo kazi huanza: kukwangua chaza na mwani, kubadili mbao zilizotobolewa na wadudu wa bahari, kukalafati kila mshono kwa pamba yenye mafuta, kupaka deheni ya chokaa na shahamu chini na sifa juu, kushona matanga. Siku hizo chombo hakiingizi hata senti moja, na pengine nahodha hana siku nyingine zenye shughuli kama hizo. Naye aliyekipandisha mwenyewe amechagua siku na mahali penye mchanga. Aliyepandishwa na dhoruba hakuchagua hata mwamba.

Na gharama zake zilitoka wapi? Katika vyombo vingi vya Ghuba, pato la safari, likiisha kutolewa gharama ya chakula, liligawanywa mafungu. Mabaharia walikuwa na mafungu yao, nahodha akazidishiwa, na chombo nacho kilikuwa na fungu lake lililokwenda kwa mwenye chombo, ambaye mbao na matanga vilikuwa juu yake. Katika chama chetu sisi sote ni mabaharia na sisi sote ni wenye chombo, basi imekuwa rahisi kulila fungu hilo bila kujua. Tumegawana faida miaka minne mfululizo, na katika miaka hiyo hatukununua hata mizani mpya.

Mwanachama mmoja alituuliza swali ambalo lilitunyamazisha: mtajuaje kuwa huu ni msimu wa kupumzika, wala si mwisho wa biashara yenyewe? Habari ya boriti yatutia hofu. Boriti za mikoko ya Lamu ziliezeka nyumba nyingi za Arabuni na Ghuba. Baadaye nchi zile zikatajirika kwa mafuta, saruji na chuma vikashika mahali pa boriti, na mwaka 1982 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuzipeleka ng'ambo. Aliyelipandisha jahazi lake pwani, akangojea kaskazi imrudishie wanunuzi wale, hakuwa akipumzika.

Kwa hiyo tumetazama kama wanunuzi bado waja. Katika duka la kwanza waja. Asubuhi husimama mlangoni kabla halijafunguliwa, na wengine hurudi mikono mitupu kwa kuwa hatuna walichokitaka. Katika duka la pili hawakuja hata lilipokuwa limejaa. Lile tumelifunga kabisa, wala hatuombi ruhusa ya kulifungua tena. Hili ndilo twataka kulipandisha pwani.

Hata katika Halmashauri hatukuwa na kauli moja. Wawili wetu walitaka nusu ya faida igawanywe, nao watasema wenyewe baada yetu.

Mkikubali, duka litafungwa siku nane kuanzia Jumatatu, bidhaa zihesabiwe na paa liezekwe. Mfuko wa mazishi utajazwa kwanza, kisha alipwe mwenye ghala. Kijana atakaa na karani mpaka alijue daftari. Wenye madeni dukani, wakiwamo watatu wa Halmashauri hii, wataitwa mmoja mmoja. Karatasi za kura ziko mezani kwa Katibu.