Ujinga Nao Hujengwa



Kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika kijiji cha Mangapwani, kipo chumba kilichochongwa ndani ya jiwe la matumbawe na kufunikwa juu. Ngazi zake huteremka gizani, na bahari haiko mbali. Hakikuwa ghala la karafuu wala la nazi. Hapo walifichwa binadamu, baada ya Sultani Barghash kutia sahihi, kwa shinikizo la Waingereza, mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Biashara iliyokatazwa mchana ilihamia usiku. Kazi ya chumba kile ilikuwa ni kuwafanya watu wasijue.

Wengi hudhani kuwa ujinga ni upungufu tu, mfano wa mtungi ambao haujatiwa maji. Historia inaonyesha vingine. Ujinga nao hujengwa, hulindwa, na mara nyingi huwa na mwenyewe.

Tuitazame Ulaya ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 15 wasomi wa Italia walipata kwa Kilatini kitabu cha jiografia cha Ptolemy, mtaalamu aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Kitabu hicho kiliutaja hata mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii yetu. Lakini Bahari ya Hindi kiliieleza kama ziwa lililozingirwa na nchi kavu pande zote. Ramani za namna hiyo zikanakiliwa na kuheshimiwa, kwa kuwa zilikuwa za kale na zimeandikwa na bingwa. Fra Mauro, mtawa wa Venice, alipochora ramani yake katikati ya karne hiyo, aliiacha bahari hiyo wazi. Yeye alikuwa amewasikiliza wasafiri.

Wakati huo, kuanzia Sofala hadi Mogadishu, manahodha wasiopata kukiona kitabu cha Ptolemy waliijua bahari hiyo kwa majira yake: kaskazi ilete majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi iyarudishe. Hii nayo ilikuwa elimu, iliyopimwa kwa maisha ya watu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani. Akang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, akafika Bara Hindi kabla ya mwezi kwisha. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi itulie. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa maradhi. Bahari ilikuwa ile ile na vyombo vile vile. Kilichopungua ni kumsikiliza mwenye kujua.

Tabia hiyo haikwisha upesi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake. Huko London, Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki, alimkanusha kwa miaka mingi akiwa kitini kwake.

Hata hivyo, ndugu walimu, itakuwa ni kujidanganya kusema kwamba ujinga ulikuwa wa Wazungu peke yao na maarifa yalikuwa yetu. Kaskazi na kusi zile zile zilisafirisha mateka. Waliowaficha watu Mangapwani hawakuwa wajinga: waliijua sheria, waliijua bahari, wakayatumia maarifa yao kuwanyima wengine uhuru. Na wanunuzi wa pembe za ndovu waliokuwa Ulaya na Marekani, wangapi waliuliza ni mabega ya nani yaliyozibeba hadi pwani? Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Miaka 24 ilipita, karafuu zikichumwa, na wengi wakiona ni afadhali wasijue.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa mwalimu. Elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar mwezi Septemba 1964, mlango wa shule ulifunguliwa kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Lakini mtoto anaweza kuingia mlango huo akatoka na ramani ya Ptolemy kichwani, ikiwa atafundishwa kukariri bila kuuliza. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Mangapwani awaonyeshe tofauti kati ya chumba kilichochongwa kwa mikono ya watu na pango la asili lenye maji baridi lililo jirani, maana wageni huvichanganya. Awaache wawasikilize wazee wa kijiji, kisha walinganishe masimulizi yao na tarehe za mikataba. Awaulize: ni nani aliyejua, ni nani aliyefichwa, na ni nani aliyefaidika?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Chumba cha Mangapwani kilichongwa ili pasiwe na mtu wa kuuliza. Mwanafunzi anayesimama leo juu ya ngazi zake na kuuliza swali moja la kweli anaivunja kazi ya waliokichonga.