Jina la Mtoto na Karatasi Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi wa Lucky Summer, Nairobi)



Nimeombwa nitoe maoni yangu juu ya majina ya watoto wa siku hizi, ambayo wazee wengi huyanung'unikia. Lakini kwanza na tukumbuke kwamba mtaa wetu wenyewe waitwa Lucky Summer, yaani kiangazi cha bahati, kwa lugha ya watu wenye majira manne kwa mwaka, ambayo Nairobi haina. Mwenye kukaa mahali penye jina kama hilo asiwe mwepesi wa kumcheka jirani aliyemwita mwanawe Prince au Blessing.

Wazee walikuwa na kanuni. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti hufuata bibi zao vivyo hivyo. Kwa Wajaluo mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno, na msichana ni Atieno. Wabukusu wana Wekesa na Nekesa, waliozaliwa wakati wa mavuno. Hapo herufi ya kwanza yatosha kukujulisha kama ni mume au mke.

Siku hizi, katika mitaa hii ya Eastlands, baba aweza kuwa ametoka Nyanza na mama Ukambani. Ndipo yapendwapo majina ya Kiswahili yafaayo wote: Imani, Amani, Baraka, Bahati. Wako wasemao kwamba huu ni mtindo wa ng'ambo. Sivyo hata kidogo. Bahati na Riziki ni majina ya wanaume na wanawake tangu zamani, na pale koo mbili zinaposhindania mtoto, jina la namna hiyo huzipatanisha.

Majina ya habari za siku ndiyo yanipayo mashaka. Obama aliposhinda mwaka wa 2008, watoto wa Kisumu waliitwa Barack na Michelle. Mwaka wa 2012 mama mmoja wa Siaya alijifungua pacha, akawaita Barack na Mitt. Mmoja wao amebeba jina la aliyeshindwa, na sijui nduguye humwambia nini wakigombana.

Hata hivyo, jina geni si hatari kama karatasi yenye kosa. Binti yangu naye ni Bahati. Karani mmoja aliyejaza fomu hakuniuliza neno. Aliona jina, akaandika "mume". Nami nilipokea cheti, nikakikunja, nikakitia sandukuni. Siku ya kumwandikisha shuleni mwalimu alinitazama mimi, akamtazama mtoto aliyevaa gauni, kisha akaitazama karatasi. Nilikwenda na kurudi miezi mingi, na mtoto akakaa nyumbani wenziwe wakisoma. Jina halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepokea karatasi bila kuisoma.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, Sura ya 149, yataka mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita kupita. Aliyemwandikisha mtoto bila jina, au aliyebadili jina baadaye, ana miaka miwili tangu siku ya kuandikisha ya kupeleka jina hilo na kulipa ada. Muda huo ukipita, kubadili jina huhitaji hati ya kisheria, na gharama yake ni kubwa zaidi.

Akina mama wasioolewa nao wajue kwamba mwaka wa 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 12 cha sheria hiyo, kilichowazuia kuandikisha jina la baba bila yeye kukubali, ni kinyume cha Katiba. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtoto ana haki ya jina tangu kuzaliwa.

Tena, mwenye kumwita mwanawe Brian achague namna moja ya kuliandika. Nimeona mtoto aliye Brian katika cheti cha kuzaliwa, Bryan katika kadi ya kliniki, na Brayan katika cheti cha ubatizo.

Walioleta vyeti leo na wavitoe sasa. Tutaanza na wale ambao watoto wao hawajatimiza miaka miwili. Tazameni kwanza mahali palipoandikwa mume au mke.