Moyo Usiofunguliwa: Kokoro na Kichwamaji



Neno la Kijapani kokoro twaweza kulifasiri "moyo". Katika riwaya ya Natsume Sōseki yenye jina hilo (1914), Sensei anaposa kwa siri binti ambaye rafikiye alimkiria kumpenda. Rafiki anajiua, Sensei anaoa, lakini mkewe hamwambii kamwe. Katika Kichwamaji ya Kezilahabi (1974), Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa Manase aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Wote wawili wameoa. Wote wanajiua, na neno lao la mwisho wanaiachia karatasi.

Upweke, basi, si kukosa watu, bali kukosa wa kumfungulia moyo. Ninyi mliokuja kusoma Dodoma kutoka mbali, mwenzenu akinyamaza, mwulizeni.