Prosesa na Ubao Wake: Mambo ya Kuthibitisha Kabla ya Kuboresha Kompyuta ya Mezani

Mada iliyotolewa kwa walaji wa Jiji la Arusha na Wilaya ya Meru

Mada yetu ya leo inahusu kipuri kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, lakini kinachoweza kuigharimu familia akiba ya miezi kadhaa. Kipuri hicho ni prosesa, yaani chipu inayofanya mahesabu yote ya kompyuta.

Katika maduka ya steshenari ya Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, katika ofisi za shule na za wakala wadogo wa utalii mjini, ni jambo la kawaida kukuta kompyuta za mezani zilizotumika kwanza ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Kompyuta ya namna hiyo ikitunzwa vema hutumika miaka mingi. Tatizo huanza pale inapozidiwa na kazi, mwenyewe akaambiwa: "Badilisha prosesa tu, itakuwa kama mpya." Hulipa, hupanda daladala kurudi nyumbani, na kompyuta haiwaki. Akirudi dukani, huambiwa kwamba prosesa ni nzima na kosa ni la kompyuta yake. Mara nyingi maneno hayo huwa ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo: bidhaa nzima isiyofaa kwa kazi iliyonunuliwa ni hasara sawa na bidhaa mbovu.

Kwa hiyo tunawashauri, kabla ya kulipa, mthibitishe kwamba ubao wa kompyuta yenu unaikubali prosesa hiyo kwa jina lake na namba yake. Ubao tunaousema ni ule mkubwa uliomo ndani ya kasha, unaounganisha vipuri vyote. Mambo ya kuthibitisha ni manne.

La kwanza ni soketi, yaani kikalio cha prosesa juu ya ubao. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili na cha tatu, zilizotoka mwaka 2011 na 2012, hukaa kwenye soketi 1155. Zile za kizazi cha nne, za mwaka 2013, hukaa kwenye soketi 1150. Tofauti ya namba ni ndogo, lakini moja haiingii kwenye kikalio cha nyingine. Asiwepo wa kuilazimisha, kwa kuwa pini za soketi hizo ni nyembamba mno, na zikipinda ubao wote waweza kuharibika.

La pili ni chipseti, yaani chipu za ubao zinazoratibu mawasiliano kati ya prosesa na vipuri vingine. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu prosesa huweza kuingia kwenye soketi bila taabu na bado ikakataliwa. Intel ilitumia soketi 1151 kwa kizazi cha sita na cha saba, kisha ikatumia jina hilo hilo kwa kizazi cha nane na cha tisa, huku ikibadilisha mpangilio wa umeme na kuhitaji chipseti mpya. Prosesa ya kizazi cha nane itakaa vizuri kwenye ubao wa kizazi cha sita, lakini kompyuta haitawaka.

La tatu ni BIOS, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao, inayoitambua prosesa pindi kompyuta inapowashwa. BIOS ya zamani huweza kutoitambua prosesa ambayo ubao wenyewe ungeiweza. Dawa yake ni kuweka toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa ubao, wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao waweza kufa. Kazi hiyo ifanyike penye betri ya akiba ya UPS.

La nne ni umeme na joto. Kila prosesa ina kiwango chake cha wati. Feni iliyowekwa kwa ajili ya prosesa ya wati 65 huenda isitoshe kwa ya wati 95, hususan katika kasha dogo. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya kasha nacho kikaguliwe.

Tuchukue mfano. Mwenye steshenari ana kompyuta ya ofisini ya mwaka 2011, yenye prosesa Core i3-2100 na chipseti Q65. Dukani anaonyeshwa mbili: Core i5-2400 ya mwaka 2011 na Core i5-3470 ya mwaka 2012. Zote hukaa kwenye soketi 1155, na ile ya 2012 ndiyo mpya zaidi. Mtu yeyote angevutwa nayo. Lakini chipseti Q65 haikuidhinishwa na Intel kwa prosesa za kizazi cha tatu. Inayomfaa ni i5-2400, iliyo kongwe kwa mwaka mmoja, mradi mtengenezaji wa kompyuta ameiorodhesha na feni inamudu wati zake 95.

Taarifa hizi hupatikana bila gharama. Katika Windows, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni msinfo32, kisha bonyezeni Enter. Nakilini jina la prosesa, jina la ubao na toleo la BIOS. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha pia aina ya soketi na chipseti. Tahadharini na ukurasa wa Task Manager: neno "Sockets: 1" lililopo pale ni idadi ya soketi tu. Baada ya hapo, tafuteni kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na modeli yenu. Prosesa isiyokuwemo humo msiinunue kwa neno la mdomo.

Jiulizeni pia kama prosesa ndiyo dawa ya ugonjwa wenu. Kompyuta inayochelewa kuwaka na kufungua mafaili mara nyingi huponywa kwa diski ya SSD au kwa kuongeza RAM. Na huku kwetu, miteremkoni mwa Meru, vumbi jembamba la kiangazi huziba feni. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kusafishwa vumbi na kupakwa upya dawa ya kupitishia joto huenda kukatosha.

Wapo wanaobadilisha prosesa ili wapate Windows 11, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji, kwa ujumla, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kinga iitwayo TPM toleo la 2.0. Ubao wa soketi 1155 au 1150 haupokei prosesa ya kizazi hicho. Fedha za prosesa hapo hazitaleta Windows 11. Heri ziwekwe akiba ya kompyuta nyingine, au mtumie mfumo wa Linux usiolipiwa.

Ndugu walaji, sheria nayo iko upande wenu, ila inawataka mseme. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemweleza muuzaji kazi mahususi ya bidhaa, na kutegemea ujuzi wake, ana haki ya kupewa bidhaa inayoifaa kazi hiyo. Mkitaja namba ya prosesa peke yake, mmejichagulia wenyewe, na kinga hiyo hudhoofika. Semeni hivi: "Nahitaji prosesa itakayofanya kazi kwenye kompyuta ya modeli hii." Ombeni modeli hiyo na masharti ya kurudisha bidhaa yaandikwe, kisha daini risiti ya EFD. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwezekana, kompyuta ipelekwe dukani, prosesa ifungwe na kuwashwa mbele yenu kabla ya kulipa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mkiambiwa kwamba kipuri kinafaa ilhali hakifai, anzeni kwa muuzaji, mkiwa na risiti na maandishi yenu. Akikataa kuwasikiliza, wasilisheni malalamiko Tume ya Ushindani.

Dakika chache za kunakili modeli ya kompyuta kabla ya kutoka nyumbani hugharimu karatasi moja. Tunawaomba karatasi hiyo itangulie fedha zenu dukani.