Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Kazi ya Idara ya Sosholojia

Wazazi, walimu, na ninyi vijana mnaojiandaa kuchagua kozi: wengi huja kwenye idara hii wakiuliza sosholojia inafundisha kitu gani ambacho mtu mzima mwenye akili timamu hakijui tayari. Wana haki ya kuuliza, nami nitawajibu kwa takwimu inayopaswa kumuumiza kila Mtanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa iliongoza kwa asilimia 57 hivi, zikafuata Njombe na Rukwa, ambako ni karibu nusu ya watoto. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mahindi na viazi vyake hupakiwa kwenye malori na kwenda kulisha miji, huku watoto wa waliovilima wakibaki wafupi.

Akili ya kawaida ingetarajia kinyume chake, kwamba penye chakula kingi watoto hustawi. Ikishindwa hapo, hukimbilia jibu jingine: akina mama hawana elimu ya lishe, na akina baba wanamalizia fedha kwenye pombe ya ulanzi. Siwezi kusema hakuna ukweli humo. Lakini zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa mzima wakipatwa na jambo lilelile, hatuwezi kulieleza kwa kumnyooshea kidole mama mmoja mmoja. Hoja hii mwanasosholojia wa Ufaransa, Émile Durkheim, aliijenga mwaka 1897 kwa kuchunguza kujiua, tendo la upweke kuliko yote. Alionyesha kwamba hata viwango vya kujiua hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa namna ambayo tabia za watu binafsi peke yake haziwezi kuieleza. Mwanasosholojia huanza kazi pale wengine wanapokuwa wameshampata wa kumlaumu.

Tuifuate siku moja ya msimu wa palizi. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba la mbali, na mtoto wa mwaka mmoja anaachwa na dada yake ambaye naye ni mtoto. Kuna uji wa mahindi uliopikwa asubuhi. Kufika mchana umepoa, umeganda, na anayeulisha hana subira ya kumbembeleza mdogo wake. Mtoto wa umri huo anahitaji kula mara kadhaa kwa siku, tena vyakula mchanganyiko. Mayai yapo, maharage yapo, pengine na maziwa. Ila ndivyo vinavyouzwa haraka ada au mbolea inapohitajika. Basi maswali yanabadilika. Nani ana ufunguo wa ghala? Nani huamua gunia liuzwe lini, na fedha yake inashikwa na nani? Mama akibaki nyumbani wiki mbili, palizi itafanywa na nani? Mizani ya kliniki haijibu maswali haya, wala kipimo cha urefu. Hujibiwa na mtu aliyefunzwa kukaa na watu, kuuliza bila kuhukumu, kuhesabu kwa uangalifu na kulinganisha kaya na kaya. Kazi hii ina historia hapa kwetu. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapisha utafiti wa Marja-Liisa Swantz na wenzake kuhusu vyanzo vya kijamii na kiuchumi vya utapiamlo wilayani Moshi, eneo la kahawa lililosifiwa kwa neema. Walitafuta chanzo cha njaa ya watoto katika uhaba wa ardhi, mzigo wa kazi za wanawake na hali za kaya zenyewe.

Kuna pingamizi zito ninaloliheshimu: je, mtazamo huu haumwondolei mtu wajibu wake? Wapo akina mama wa kijiji hichohicho ambao watoto wao wamekua vizuri. Ni kweli, na hao nao tunapaswa kuwachunguza kwa makini. Huenda kuna bibi nyumbani, au shamba liko jirani, au mume amekubali maharage yasiuzwe yote. Tukishajua kilichowawezesha, ndipo tutakapojua cha kuwadai wengine kwa haki. Kumdai mtu wajibu asioweza kuutimiza ni ukatili.

Wengine husema elimu hii ni ya Ulaya. Lakini Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, hapa hapa Afrika, aliandika juu ya mshikamano wa jamii na kuanguka kwa dola mwaka 1377, muda mrefu kabla ya Durkheim.

Linabaki la ajira, na wazazi wasidanganywe: nafasi ni chache, na cheti peke yake hakimpi mtu kazi. Ndiyo maana idara inasisitiza takwimu na mafunzo kwa vitendo. Anayekimbia hesabu atapata shida hapa. Lakini mahitaji yapo. Serikali imezitaka halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Fedha hiyo inaweza kuishia kwenye vipeperushi vya kuwafundisha akina mama kile wanachokijua tayari, au ikaanzisha mahali pa kulelea watoto karibu na mashamba msimu wa palizi. Afisa wa halmashauri atakayepanga bajeti hiyo anahitaji kujua aulize nini, kwa nani, na jibu alipime vipi. Miaka mitatu ya masomo hapa ni ya kumwandaa yeye.