Hesabu kwa Kompyuta: Wazazi Wanasemaje?

Mfikirie mzazi aliye Marekani au Kanada, ambaye mwanawe wa darasa la tatu amepewa kazi ya nyumbani: kucheza Prodigy, mchezo wa hesabu wa kompyuta.

Katika mchezo huu wa Kikanada, mtoto huwa mchawi (usishtuke, ni wa kwenye kompyuta tu). Akipata jibu la hesabu, pigo lake humfikia adui. Akikosa, limekwenda bure. Wapo wazazi wanaoushukuru: mtoto aliyekuwa akikimbia kuzidisha sasa haambiwi mara mbili. Wengine huuliza, anapiga hesabu au anamchagulia mchawi wake kofia?

Lakini kinachowaudhi zaidi ni pesa. Shuleni ni bure. Nyumbani mtoto hutangaziwa uanachama wa kulipia. Mwaka 2021 watetezi wa watoto waliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, wakisema kwamba mchezoni aliyelipiwa hupanda wingu huku mwenzake akitembea mavumbini. Kwa mtoto wa miaka minane, huko ni kuonewa.

Mzazi, keti na mwanao kidogo anapocheza. Ukiona anabofya kwa kubahatisha, mwambie mwalimu. Yeye anaweza kuchagua maswali yanayolingana na somo la wiki.