Punda Majeruhi wa Lamu: Dawa, Mauti na Mapumziko



Nimetakiwa nizungumze juu ya njia za kumtibu mnyama aliyepatwa na maradhi au jeraha, na kwa kuwa uwanja huo ni mpana mno, nimeonelea ni afadhali nisimame na mnyama mmoja katika mji mmoja, yaani punda wa Lamu, ambaye katika vichochoro visivyopitika kwa gari ndiye achukuaye mchanga, saruji na mawe ya matumbawe, na ambaye akilala yeye, nyumba ya mwenyewe nayo hulala na njaa. Tangu mwaka 1987, shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoasisiwa na marehemu Bi Elisabeth Svendsen, lilipofungua zahanati yake mjini humo, mwenye punda hana tena udhuru wa kusema kwamba amekosa pa kumpeleka mgonjwa wake au fedha za kulipia, maana matibabu hutolewa bila ya malipo. Hoja yangu basi si upungufu wa dawa. Nadai kwamba tiba iliyo adimu kuliko zote ni mapumziko, na kwamba tukiyasahau hayo, sindano zetu nyingi hupotea bure.

Ama tabibu, kabla hajafungua mkoba wake, hana budi kumtazama punda kwa makini, kwani mnyama huyu ni msiri wa maumivu. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hugaagaa, hupiga kwato chini na kutoka jasho. Punda mwenye maradhi yayo hayo aghalabu husimama tu kando, masikio yameinama, asiguse majani, na mwenyewe hudhani kwamba amechoka. Ndiyo maana kipimajoto na kidole kilichotulia juu ya mshipa hufaa kuliko maneno ya mchungaji: joto la punda mwenye afya ni takriban nyuzi 37 za selsiasi, na moyo wake hupiga kati ya mara 36 na 52 kwa dakika. Akiacha kula hatuna muda wa kungojea, hasa akiwa mnene au ana mimba, kwa sababu mwili wake huyeyusha mafuta uliyoyahifadhi, yakamiminika katika damu kupita kiasi, na ini likaelemewa. Punda wa namna hiyo huweza kufa si kwa ugonjwa uliomleta bali kwa njaa iliyofuatia, na kumlisha uji mwepesi kwa mpira upitishwao puani ni tiba kamili, wala si hisani ya ziada.

Juu ya dawa zenyewe nitapita upesi, ila kwa jambo moja linalokosewa mara kwa mara. Punda si farasi mdogo. Dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni, mathalani, hutoka katika mwili wake kwa haraka zaidi kuliko katika mwili wa farasi, na atakayenakili ratiba ya farasi humwacha punda na maumivu nusu ya siku.

Majeraha ndiyo yatushughulishayo zaidi. Jeraha bichi na safi huweza kushonwa. Lililokwisha kuoza huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nyama iliyokufa ikaondolewa, likaachwa wazi lijijaze kutoka ndani, huku nzi wakizuiwa. Na kwa kuwa punda ni mwepesi mno wa kupatwa na pepopunda, chanjo yake haina mbadala. Bado wapo wanaomchoma mnyama kwa chuma cha moto wakiitakidi kwamba wanatoa ugonjwa, ilhali wanaongeza kidonda juu ya kidonda. Na inafaa tukumbushane kwamba katika Sahihi Muslim imepokewa hadithi ya Mtume aliyepita mbele ya punda aliyetiwa chapa usoni, akamlaani aliyemfanyia vile.

Upo pia mkasa usio na dawa. Punda mzima aliyevunjika mfupa mkubwa wa mguu, kwa kuwa uzito wake hauwezi kuondolewa juu ya mguu huo, kwa kawaida haponi, na kumchoma sindano ya kummaliza kwa upole ni bora kuliko kumwacha afe ufukweni kwa siku nyingi. Wengi huona vigumu kutoa ridhaa, nami siwalaumu. Nawalaumu matabibu wanaolitamka shauri hilo kwa pupa, wakiwa wima, bila ya kukaa na mwenye mali na kumweleza.

Narejea kwenye mapumziko. Kidonda cha mgongoni kisichochukuzwa mzigo huweza kufunga kwa majuma machache; kikirudishiwa shogi kila asubuhi, huchimba hadi mfupani, na hapo hakuna tena mafuta wala sindano ifaayo. Mwenye punda analijua hilo vizuri kuliko sisi, lakini hulipwa kwa safari, na mtu asiye na akiba hawezi kumpa mnyama likizo ambayo yeye mwenyewe hajapata kuiona. Kumwambia "mpumzishe" kisha tukamwacha aende zake ni kuandika cheti cha dawa isiyokuwako dukani.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya majilisi hii: wenye punda wa kila mtaa waunde chama, kila mmoja atoe kidogo kwa mwezi, na chama kinunue punda wa akiba wa kuazimwa na yule ambaye wake amelazwa, kwa cheti cha tabibu na kwa muda uliotajwa. Najua litakalosemwa, kwamba punda wa wote ni punda asiye na bwana, naye atarudishwa na vidonda vibaya kuliko vya mgonjwa. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa sababu hiyo punda wa akiba asitoke bila ya shogi lake mwenyewe, lenye mto wa pamba kila upande na nafasi katikati ili mzigo usikae juu ya uti wa mgongo. Akaguliwe anapotoka na anaporudi. Na atakayemrudisha na jeraha alipe gharama, kisha jina lake lishushwe hadi mwisho wa orodha ya waazimaji.